A za Mpingo za Kobelo

Mtani wangu Kobelo,

Desturi ya barua ni kuuliza hali ya unayemwandikia, kisha kumjulisha ya kwako. Hali yako sitaiuliza. Yangu ni mbaya, na aliyeiharibu ni wewe, kwa hiyo tulia unisikilize mpaka mwisho, maana leo huna pa kukimbilia. Umenichosha, bwana. Miaka yote tuliyokaa pamoja katika chapa ya misheni, wewe ukipanga herufi na mimi nikivuta mkono wa mashine, ulikuwa ukinichosha. Nilipokusindikiza makaburini nilijiambia, haya, Banzi, sasa utapumua. Wapi! Tangu siku ile ndiyo kwanza nimejua kuchoka ni nini.

Shida yenyewe ni hii: chapa haina A. Zile za maandishi madogo zimo tele kwenye kasha, sizisemi hizo. Nasema zile nene, za vichwa vya matangazo, ambazo wewe uliziita maakida kwa sababu zina vitambi, zinapiga kelele, na hazikubali kusimama nyuma ya mtu. Bila A huwezi kuandika TANGAZO. Huwezi kuandika WATU WOTE, huwezi kuandika BARABARA, huwezi kuandika SALA. Tunachoweza kuandika bila taabu ni MOROGORO na ULUGURU, na hakuna aliyetuomba.

Unakumbuka siku maakida walipofika? Reli ilikuwa ngeni bado, watu wakiteremka kutoka milimani kwenda stesheni kuitazama tu na kurudi. Bruda, yule mtawa wa Kijerumani aliye mkubwa wetu wa chapa, alilifungua lile kasha kwa mkono wake mwenyewe, akawa anapangusa herufi moja moja kwa kitambaa na kuzilaza mezani kama mtu anayepanga mayai. Wewe ukaiokota R moja, ukaigeuzageuza, ukasema, "Huyu mguu mmoja ni wa kwake, wa pili ameazima." Nilicheka mpaka Bruda akanitoa nje. Lakini ndivyo walivyo. Mstari mmoja mnene, wa pili mwembamba kama uzi, na chini ya kila mguu kuna wayo mpana wa kusimamia. Wino wanakunywa kupita kiasi. Ukiwapaka kidogo wanatoka na mabaka, ukiwapaka sana vijitundu vyao vinaziba, na lawama zote anazipata mvuta mashine. Hata hivyo, ubandike karatasi yao kwenye ukuta wa boma, na mtu ajuaye kusoma ataisoma akiwa bado sokoni ananunua ndizi.

Kosa lilikuwa la walioyahesabu makasha huko Ulaya. Waliyahesabu kwa Kijerumani. E zilijaa, N zilijaa, A zilikuwa za kuonjesha tu. Kiswahili nacho hakipigi hatua bila A. W tulizipata kwa kupindua M, na Bruda akajifanya hajaona. Zile A chache tulizokuwa nazo zililika mapema kwa kufanyishwa kazi ya kijiji kizima. Ndipo wewe, bila kutumwa, ukapanda kwenu Mbete na gogo la mpingo begani, na uliporudi baada ya juma moja ulikuwa na A zako zimefungwa kwenye jani la mgomba. Nyeusi, nzito, zinang'aa. Nyayo zake zilikuwa kali kiasi cha kumkata mtu. Nilizishika nikanyamaza, na wewe unajua mimi kunyamaza ni kazi.

Tukachapa. Bruda akavaa miwani. Maana wewe, mjanja wa wajanja, ulizinakili A zako kutoka kwenye tangazo lililokwisha chapwa. K au R ungekumbuka kuichonga kinyumenyume, kila mpangaji herufi anajua hilo, lakini A uliona haina kulia wala kushoto, hata ukiipindua ni A. Kumbe inavyo! A ya Ulaya mguu wake mnene uko kulia. Za kwako zote zilitoka mguu mnene uko kushoto. Bruda akasema, "Kobelo, hizi zinatembea kinyume." Nawe bila hata kupepesa macho ukamjibu, "Hizi zinateremka mlima, Bruda. Huko mbele zitanyooka." Uliahidi kuchonga nyingine zilizo sawa. Ulimwahidi yeye, ukaniahidi mimi, na kila nilipokukumbusha ulisema mpingo umepanda bei ya jasho. Basi tukazizoea. Nilikuwa nikiweka kipande cha karatasi chini ya kila moja kwa sababu zilikuwa fupi kidogo kuliko za chuma, na kazi ikaenda. Kila tangazo la wilaya hii, la barabara, la ng'ombe, la shule, hata karatasi za kubandika kwenye masanduku ya madini ya ulanga yanayokwenda pwani, lina A zako ndani yake.

Masharti yako nayo! Hukutaka maakida watumike ovyo. Ulikuwa ukisema neno moja juu, basi, halafu herufi ndogo zizungumze na mtu taratibu. Ulisema maakida ni wa kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na mtu uliyekaa naye mkeka mmoja humwiti hivyo. Yule mwalimu wa dini alipokuja na sala yake akitaka yote ichapwe kwa maakida, ulimrudishia karatasi ukamwambia, "Mungu si kiziwi, mwalimu." Alikununia mpaka Pasaka.

Tangu uondoke hakuna tena wa kuwarudisha watu. Kila mtu anataka maakida. Akida wa kweli, yule mwenye kitambi cha nyama, ametaka amri yake ya kutengeneza barabara iandikwe nene kuanzia neno la kwanza mpaka jina lake. Mwenye duka la nguo pale sokoni anataka hata neno karibu liwe nene. Nilimwambia, mzee, ukimkaribisha mtu kwa sauti hiyo atakimbia. Akasema kama chapa yetu haiwezi, ataagiza Dar es Salaam. Na mimi namjibu nini, ikiwa hata A moja ya kumwonyesha sina?

Sasa utaniuliza A ziko wapi. Usijifanye hujui. Nilizichukua mimi, mbele ya watu wote, siku ya kukuzika.

Ukoo wangu na ukoo wako ni watani tangu kabla ya babu zetu, na mtani hamwachi mwenzake azikwe kimya kama mgeni. Nilitimiza wajibu wangu, na nilitimiza vizuri, kama ulisikia. Nilivaa kofia yako. Nilitembea kwa kunyata kama wewe unapomkwepa Bruda. Nililala njiani mbele ya jeneza nikasema halipiti mpaka marehemu anichongee herufi iliyo sawa. Wanawake walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Halafu nikatoa A zako mfukoni, maana nilizichukua chapani asubuhi ile, nikatangaza kwamba nazishika, na wafiwa wasipozikomboa kwa jogoo na kibaba cha mchele sizirudishi. Nilitegemea nizishike mpaka jioni. Ikizidi sana, mpaka matanga yaishe. Wafiwa hukomboa, mtani huachia, watu hula, marehemu anakuwa ameheshimiwa.

Dada yako Mwamvua, mkubwa wenu, ambaye ndiye mwenye neno katika ukoo, alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni akasema, "Kaa nazo. Sisi tuna mahindi ya kupalilia."

Nilidhani ni utani. Nikangoja. Matanga yakaondolewa, hakuna jogoo. Nikampelekea salamu kwa wauza ndizi wanaoteremka kila siku ya soko. Jibu likaja lile lile, kaa nazo. Mimi nikakaa nazo, Kobelo, kwenye kifuko shingoni, watu wakadhani nimepewa dawa.

Bruda hakuelewa hata chembe. Nilimweleza habari ya utani mara nyingi kwa Kiswahili chepesi kabisa, na kila mara aliuliza swali moja: zimo mfukoni mwako au hazimo? Zimo, Bruda. Basi zitoe. Siwezi, Bruda. Namna gani huwezi? Nitamwelezaje mtu huyu kwamba nikizirudisha bila kukombolewa nitakuwa nimetangaza kwamba hukuwa na thamani ya jogoo mmoja? Kwamba watu watasema Kobelo alikufa, mtani wake akaiba, na ndugu zake hawakuona hasara? Afadhali nifukuzwe kazi. Nilimwambia hivyo, na kidogo anifukuze.

Akajaribu njia yake. Akapindua V zikawa A. Ubora wake ni kwamba mguu mnene ulikaa upande wa Ulaya, kulia. Ubaya wake ni kwamba hazina mkanda katikati. Tukachapa amri ya barabara nzima nzima kwa maakida, kama akida alivyotaka. Akida akaishika, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Haya mahema ni ya nini?" Bruda akawa mwekundu. Mimi nilichungulia nyuma ya mashine nikakutafuta, nikasahau kabisa kwamba hupo. Nilikuwa na maneno tayari ya kukuambia, na sikuwa na wa kumwambia. Nikaenda nje nikasimama kwenye mvua.

Hapo ndipo Bruda alipoandika Dar es Salaam kuomba A za chuma. Akaniambia mbele ya wote kwamba zitakapofika, vile vijiti vya Kobelo vitakuwa kuni za jikoni kwake, nivirudishe au nisivirudishe. Nikakokotoa kichwani. Treni ikija kabla ya jogoo, mkono wako umekwisha katika chapa hii. Hapatakuwa na tangazo hata moja tena, kwenye boma wala sokoni, lenye ule mguu wako ulio kinyume. Nimekasirika nawe miaka mingi kwa ajili ya mguu ule, sasa nikawa siwezi kulala kwa kuogopa usipotee. Unaona ulivyo mchokozi?

Nilipanda Mbete mwenyewe kumwomba dada yako. Mtani kuwaomba wafiwa wakomboe! Umewahi kusikia? Nilipanda na utelezi wa masika, nikaanguka mara kadhaa, nikamkuta shambani. Nikamwambia, dada, hata kifaranga. Hata yai. Hata useme tu mchele utakuja. Aliendelea kupalilia, akaniuliza habari za watoto, akanipa magimbi ya kuchemsha, akanirudisha chini ya mlima kama nilivyokuja. Nikamtukana njia nzima mpaka mtoni, yeye na wewe na ukoo wenu wote, matusi ya utani yakaisha nikaanza ya kweli.

Halafu siku moja ya soko akateremka mwenyewe. Nilikuwa napangusa mashine. Nikasikia jogoo. Nikageuka, nikamwona Mwamvua amesimama mlangoni mwa chapa, jogoo kwapani, kikapu cha mchele kichwani. Nikamwamkia shikamoo, nikasahau utani. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti chako. Kila mtu anakikwepa kiti kile, yeye akakaa. Akasema, "Banzi, usidhani nilikuwa naona uchungu wa kuku."

Nikaacha kupangusa.

Akasema siku ya kurithi jina lako imekaribia, mpwa wako ataitwa Kobelo, na wazee wamemwambia haiwezekani jina lirithiwe na vitu vya marehemu vingali mikononi mwa mtani. Akasema alikuwa akichelewesha makusudi. "Muda wote mtani anadai," alisema, "mambo ya mdogo wangu hayajaisha. Kila ulipotuma salamu za jogoo, Banzi, nilikuwa nasikia jina lake linatajwa. Nikizikomboa, nani atakuja tena kunigombeza kwa ajili yake?"

Kobelo, nilikuwa nimeshika kitambaa chenye mafuta ya mashine. Nikajifutia uso kwa kitambaa hicho hicho.

Nikavua kifuko shingoni nikampa. Yeye akanipa jogoo na mchele. Tukatukanana kidogo ili mambo yakamilike. Nikangoja azirudishe A mezani ili mimi niziweke kwenye kasha na niende kumwonyesha Bruda. Dada yako akazifunga kwenye pindo la nguo yake, akasimama, akaaga.

Nikamwambia, dada, hizo ni za kazi. Akasema, "Nimekomboa. Ni za ukoo." Na ndivyo desturi ilivyo, siwezi kuipinga, mimi mwenyewe nimeitetea mbele ya Mjerumani mpaka povu likanitoka. Kinachokombolewa kwa mtani hurudi kwa wafiwa. Mimi niliyeziiba ili zipate heshima ndiye niliyezitoa katika chapa, na bila wizi wangu zingekuwa bado kwenye kasha lao, mali ya kazi, hakuna ambaye angezikumbuka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilibaki na jogoo.

Ngoja, sijamaliza, maana hujanichosha vya kutosha. A za chuma zikafika kwa treni. Ndefu, nyembamba, miguu yote miwili sawa, hazina nyayo kabisa. Ni za ukoo mwingine. Ukiziweka kati ya T na N za maakida unaona mtoto aliyekonda ameshikwa mikono na wajomba zake. Bruda akachapa karatasi moja, akaitazama, akavua miwani. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Banzi, lete zile za Kobelo." Nilitaka kumpiga kwa yule jogoo.

Juzi nimepanda Mbete kwenye siku ya kurithi jina. Mpwa wako ni kijana mzima sasa, ana mke, alikaa kwenye mkeka akamwagiwa unga, tukamwita Kobelo naye akaitika. Aliitika vizuri. Mimi nilikuwa mkaidi, nikamwita mara ya pili nikitumai ataitika vibaya kama wewe, kwa kuvuta, ukiwa hutaki kuondoka kwenye kazi. Akaitika vizuri tena. Ni mtoto mwema, na hilo nalo liliniudhi.

Halafu nikaiona nyumba. Dada yako alikuwa amekandika ukuta wa mbele kwa udongo mweupe kwa ajili ya shughuli, na juu ya mlango, udongo ulipokuwa bado mbichi, alizikandamiza A zako zote, moja baada ya nyingine, mstari usionyooka. Akachukua masizi ya chungu akayapaka ndani ya alama. Zilikuwa nyeusi juu ya weupe. Mguu mnene kushoto. Zilionekana kutoka njia ya chini kabisa, pale kwenye kivuko, nami nilikuwa nimeziona toka huko bila kuamini. Hazikuwahi kuchapwa vizuri namna ile kwenye mashine yangu. Karatasi haiziwezi, udongo ndio mahali pao.

Mwamvua akaja akasimama karibu yangu. Hajui kusoma, unajua. Akaniuliza, "Inasemaje?"

Jina lako halina A hata moja. Nalijua hilo, nimeliandika mara nyingi. Nikamwambia inasema Kobelo.

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kupakua wali.

Basi, mtani, hizo ndizo habari. Chapa inaendelea na mahema ya Bruda mpaka hapo nitakapokuwa tayari. Kwa maana nimekwisha pata gogo la mpingo kwa seremala wa stesheni, na kisu chako alinipa dada yako, hakudai chochote, akasema ukoo hauna mtu wa kukitumia. Nimeshaharibu vipande viwili. Wino naujua na mashine naijua, ila mkono wangu kwenye kuchonga ni wa kukata mihogo. Vidole vimejaa vidonda, mke wangu anasema nimepagawa. Sijali. Nitachonga, nitaharibu, nitachonga.

Lala, Kobelo. Udongo wa Mbete usikuelemee. Sitakusumbua tena, labda ukinichokoza. Nakuahidi jambo moja tu, na ahadi yangu si kama zako. Siku yangu itakapofika, watu wa ukoo wako ndio watakaokuja kunilalia njiani, kuvaa kofia yangu na kupekua vitu vyangu. Watakuta kitu cha kuiba.

Mtani wako,
Banzi